Sauti Mbili Darasani

Jumapili, 3 Machi

Kozi inataka kila mwanafunzi awe na daftari la kuandika anachojifunza siku hadi siku mpaka muhula uishe. Wameeleza ukubwa wa daftari, wameeleza hadi rangi ya kalamu. Hawajasema tusiandike habari za mama mkwe, kwa hiyo naanza naye.

Anakuja kesho. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na daktari wa hospitali yetu atamfanyia upasuaji wa jicho moja kwanza. Atakaa nasi msimu mzima wa mvua. Ni matroni mstaafu, miaka thelathini na minane kazini, na wauguzi wake walimbandika jina la Ukaguzi. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu asiyeogopa umeme. Leo amefua mapazia bila kuambiwa na mtu.

Kozi yenyewe ni ya teknolojia ya afya kwa wauguzi. Wiki kumi, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kwa njia ya mtandao. Hospitali imeiletea wodi yetu ya wanaume mashine nane za kufuatilia wagonjwa. Zinapima mapigo ya moyo, pumzi na oksijeni kwenye damu, na jambo likienda kombo zinalia. Atateuliwa mtu mmoja wa kuzisimamia, na sharti ni cheti. Tumejiandikisha wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Injinia kwa sababu hawezi kupita karibu na kitufe asikibonyeze. Mimi nina miaka kumi na saba wodini, yeye minne. Nafasi hii naitaka hadi naiota.

Jumatatu, 4 Machi

Amefika. Hakuona mapazia. Alipapasa kitanda nilichomtandikia, akashika kona ya shuka, akauliza kwa upole, "Hii kona nani ameikunja?"

"Mimi, Mama."

"Hmm."

Jumanne, 5 Machi

Somo la kwanza, na nimeshaharibu.

Mtandao wetu unashika sebuleni tu, karibu na dirisha, na kiti cha karibu na dirisha ndicho Mama alichokichagua. Nikamwomba anyamaze kwa saa moja na nusu. Akasema kunyamaza amekuwa akiwafundisha watu kabla mimi sijazaliwa.

Mhadhiri ni kijana mwenye sauti laini na masikio makubwa ya kuvaa, ya kusikilizia. Tulikuwa arobaini na wawili kutoka hospitali mbalimbali, kamera zimezimwa, kila mtu jina lake la kazi kwenye kiboksi. Langu linasomeka Muuguzi, Wodi ya Wanaume. Mhadhiri akaanza, "Teknolojia inampunguzia muuguzi mzigo."

"Upi?" Mama akasema, kwa sauti ya kuamsha wodi nzima. "Wewe kijana, mzigo upi? Taja mmoja."

Maiki ilikuwa wazi.

Mhadhiri akacheka kwa furaha. "Swali zuri sana! Ndilo swali la muhula mzima. Nani ameuliza? Naona ni Muuguzi, Wodi ya Wanaume?"

Ningeweza kusema ni mama mkwe wangu. Maneno mafupi tu. Nikamsikia mtu akisema, "Ndiyo, Mwalimu, ni mimi." Mtu huyo alikuwa mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza. Kwa kelele za paa la bati mhadhiri alionekana akifungua na kufunga mdomo kama samaki. Sijajifunza kitu.

Jumanne, 12 Machi

Nimejua kuzima maiki. Nimeizima kabla Mama hajakaa.

Alihoji kila sentensi. Mhadhiri alipoeleza jinsi kengele za mashine zinavyopangwa kwa uzito, nyekundu, njano na buluu, Mama akasema, "Mashine nane zikilia kwa pamoja, nani anasikiliza?" Ni mimi peke yangu niliyemsikia. Nikaandika hapa kwamba ni swali la kuudhi. Dakika kumi baadaye nikaona kumbe ni swali.

Mwisho wa somo mhadhiri akaniita. "Muuguzi wa Wodi ya Wanaume leo yuko kimya sana. Hatuna swali lako?"

Nikafungua maiki. Nikasema, kwa sauti niliyoikaza kidogo iwe nzito, "Mashine nane zikilia kwa pamoja, nani anasikiliza?"

Mhadhiri alifurahi hadi akavua masikio. Palepale ametupa kazi wote: kila mwanafunzi ahesabu kengele za zamu moja nzima wodini kwake, na aandike ngapi zilihitaji mtu achukue hatua. Kwenye kundi la simu wenzangu arobaini na mmoja wameandika wanavyojisikia kunihusu. Sitanakili.

Jumatano, 13 Machi

Upasuaji umeahirishwa. Mashine ya chumba cha macho imeharibika. Mama akasema, "Si ndiyo hiyo inayopunguza mzigo?"

Ijumaa, 15 Machi

Nimehesabu. Zamu ya masaa manane: kengele mia mbili na kumi na mbili. Zilizohitaji hatua: tisa. Zilizobaki ni waya uliochomoka, mgonjwa aliyejigeuza, kibanio cha kupima oksijeni kilichoteleza kidoleni.

Katika hizo, sitini na nane ni za kitanda namba tano, mzee fundi saa mwenye nimonia. Vidole vyake vimekonda, na havitulii, vinatafuta saa ya kufungua. Kibanio kinateleza, mashine inalia. Mzee naye haipendi. "Hii yenu haiendi sawa," ananiambia. "Mlio wa pili unachelewa kidogo. Niletee bisibisi."

Injinia amepata mia moja na tisini. Akaniuliza kwenye chai, "Dada, mbona darasani una sauti nzito hivyo?"

"Mafua."

"Yanakupata Jumanne na Alhamisi tu?"

Alhamisi, 21 Machi

Leo maiki nimeiacha wazi kwa makusudi. Naandika hivyo kwa sababu daftari halisomwi na mtu mpaka mwisho, na kwa sababu ni kweli.

Mama aliuliza mawili. Yote mawili mhadhiri aliyaita ya kiwango cha juu. Amesema ushiriki darasani una alama thelathini kati ya mia, na kwamba kuna mtu mmoja ambaye kwa sasa hana mpinzani. Nilijisikia vizuri hadi miguuni.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Mama mawili, mimi sifuri.

Jumanne, 2 Aprili

Mume wangu aliporudi kazini alitukuta kila mtu kwenye nafasi yake, mimi mbele ya kamera iliyozimwa, mama yake nyuma yangu amejiegemeza kwenye mto. Somo lilipokwisha akaniita jikoni.

"Mama anajua kwamba anakufanyia kozi?"

"Anauliza maswali tu. Hajui kwamba wanadhani ni mimi."

"Na wewe unajua?"

Nikampa sahani za kuosha.

Lakini sijampenda zaidi mama yake kwa hayo, niseme ukweli. Asubuhi anapapasa vikombe ndani kwa kidole. Dawa ya macho nikimtia ananihesabia matone kwa sauti. Jana nilirudi kwenye zamu miguu ikiniwaka, akaniuliza kama nimenawa kabla ya kumsalimia. Namtumia kama betri. Namchomeka jioni, asubuhi namchukia.

Alhamisi, 4 Aprili

Upasuaji umeahirishwa tena. Mashine imepona, daktari anaumwa.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Nilikuwa zamu ya asubuhi, mimi na Injinia na mwanafunzi mmoja wa uuguzi, kwa wagonjwa ishirini na sita. Tangu saa mbili kitanda namba tano kilikuwa kinalia. Nilikwenda mara ya kwanza, nikakuta kibanio kiko shukani, nikakirudisha kidoleni. Mara ya pili vivyo hivyo. Kwenye mashine zile kuna kitufe cha kunyamazisha kengele kwa dakika mbili. Mara ya tatu nilikuwa nabadilisha bandeji ya kidonda kitanda cha nne, nikanyoosha mkono tu, nikabonyeza bila kugeuka. Ikalia tena, nikabonyeza. Ikalia tena, nikabonyeza. Namba kwenye kioo zilikuwa mbaya, lakini za kitanda namba tano huwa mbaya kila siku, kwa sababu ya kibanio.

Ilipolia tena mkono wangu ulikuwa tayari hewani. Wiki iliyopita mhadhiri alitueleza namna ya kusoma mchoro wa oksijeni, na nyuma yangu Mama akasema, kwa kuchoka, kama mtu anayewaambia watoto wafunge mlango, "Mguse mtu kwanza." Sijui kwa nini lilinijia saa ile. Nikavua glavu chafu, nikageuka, nikamshika mzee mkono.

Ulikuwa wa baridi na umelowa. Kibanio kilikuwa kidoleni, sawasawa kabisa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hakuniomba bisibisi.

Mpira wa oksijeni ulikuwa umechomoka ukutani, umelala chini ya kitanda. Nikaurudisha, nikamwinua akae, nikampigia kelele Injinia amwite daktari. Injinia alikimbia hadi akapoteza kiatu. Zilipita dakika sita kabla rangi haijarudi. Mzee alipopata pumzi ya kusema, alisema, "Sasa hivi ilikuwa inaenda sawa." Alikuwa anamaanisha mashine. Ilikuwa inasema kweli na mimi ndiye niliyekuwa nainyamazisha.

Daktari amenisifu kwa kuwahi. Matroni wetu wa hospitali amenisifu. Nikawaeleza wote wawili kuhusu kitufe, mara tatu kwa mkono huu, na nikaandika taarifa. Matroni aliisoma, akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Alinisikia nilivyofunga mlango akajua. Nikakaa chini sakafuni nikamweleza yote, nikisubiri anipige msumari wa maneno. Hakunipiga.

"Zamani hatukuwa na mashine," akasema. "Tulikuwa na vidole na saa ya kifuani. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na wodi ya akina mama, wagonjwa thelathini. Nilichoka. Nikakaa mezani nikajaza mapigo ya wote kwa kutazama ya jana. Sabini na nane, themanini, sabini na sita. Kitanda cha mwisho nikamwandikia themanini." Akanyoosha kitambaa mapajani, akakinyoosha tena. "Alikuwa ameshafariki. Tangu alfajiri."

"Wote waliniita Ukaguzi. Walidhani nawakagua wao."

Mume wangu aliporudi alitukuta tumekaa hivyo, chakula hakijapikwa. Akaenda kupika mwenyewe bila swali. Darasani leo sikuingia.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia Mama kuhusu maswali yake na jina langu. Alidhani nilikuwa namjibia tu, na kwamba mhadhiri anajua ni yeye! Muda wote huu alikuwa akishangaa mbona kijana yule hamwamkii.

"Kwa hiyo hizo sifa zote," akasema, "alikuwa anakupa wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe unapokea?"

"Ndiyo."

Alifikiri. "Zilikuwa nzuri?"

"Sana."

"Hmm," akasema, na kwa mara ya kwanza nimeisikia ile hmm ikiwa na kicheko ndani yake. Kisha akaacha kucheka. "Kesho utamwambia. Mbele ya wote, si kwa kificho kwenye simu."

Alhamisi, 18 Aprili

Niliwasha kamera. Viboksi arobaini na kimoja vyeusi, na mimi katikati na sare yangu ya kazi, jasho likinitiririka. Nikasema tangu siku ya kwanza maswali mazuri hayakuwa yangu, ni ya mama mkwe wangu, matroni mstaafu, huyu hapa. Nikaigeuza kompyuta. Mama alikuwa amejipanga kutazama kamera lakini aliutazama mlango.

Mhadhiri alivua masikio yake, akayavaa tena. "Nilijua mko wawili," akasema. "Mmoja huniita Mwalimu, mwingine huniita wewe kijana. Mwanzoni nilidhani ni hasira."

Kundi la simu lilikuwa linaruka mezani kama panzi. Mtu wa kwanza kuandika alikuwa Injinia: "MAFUA."

Halafu mhadhiri akasema, kwa sauti ileile laini, kwamba alama zangu zote za ushiriki zimefutwa. Zimebaki sifuri kati ya thelathini. Naweza kupata sehemu yake tu kwa kuwasilisha kazi yangu ya wodini tarehe saba Mei, mwenyewe, kamera ikiwa wazi. Na kwamba mama mkwe anakaribishwa kuhudhuria kama msikilizaji.

"Msikilizaji ni nani?" Mama akauliza.

"Ni mtu asiyesema, Mama."

"Basi amwite mwingine."

Jumanne, 23 Aprili

Nimeuliza swali moja darasani. Halikuwa zuri. Lilikuwa langu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mzee fundi saa ameruhusiwa. Injinia amebadilisha mipaka ya kengele kwa kila mgonjwa kulingana na hali yake, kazi ya siku mbili na vitabu vitatu, na amebandika vibanio vya vidole vyembamba kwa plasta laini ili visiteleze. Nilidhani anabonyeza tu. Kumbe anasoma maelezo yote ya mashine, hadi maandishi madogo ya mwisho. Nimehesabu tena zamu nzima: tisini na nne. Nimemwomba niweke namba zake kwenye kazi yangu, na jina lake liwepo. Alishangaa. Akauliza kama ni mimi au ni Mama anayeomba.

Jumanne, 7 Mei

Siku yenyewe. Tangu saa kumi mawingu yalikuwa yamekaa juu ya nyumba yetu kana kwamba nayo yamejiandikisha.

Nilikuwa wa tatu. Nilipofungua mdomo tu, mvua ikamwagika. Bati likawa ngoma. Nikapaza sauti, nikapiga kelele, mhadhiri akawa anatikisa kichwa na kuonyesha sikio. Nilikuwa na dakika kumi. Mbili zilikuwa zimekwenda.

Mume wangu ndiye aliyechomoa kalenda ukutani, ile kubwa ya duka la vipuri, akanitupia na kalamu nene anayoandikia friji za wateja. Nikaanza kuandika nyuma ya kurasa za miezi kwa herufi kubwa, nikimpa Mama aliyesimama pembeni yangu azinyanyue mbele ya kamera moja moja. Januari: KENGELE 212 KWA ZAMU. Februari: ZA KWELI 9. Machi: NILIBONYEZA KIMYA MARA TATU. MGONJWA ALIKUWA HANA HEWA. Aprili: INJINIA ALIREKEBISHA MIPAKA. SASA 94. Mei: KWANZA MGUSE MTU, KISHA SOMA MASHINE.

Mama alisimama wima kama askari wa gwaride, mikono imenyooka, uso haucheki. Ilikuwa picha nzuri sana, isipokuwa haoni, na Februari aliishika juu chini. Wenzangu arobaini na mmoja wakaona namba sita, na maneno yanayosomeka kwa kusimama kwa kichwa. Kwenye kundi la simu waliandika kwamba wanageuza simu zao. Tulipomaliza Mei mhadhiri aliandika: "Ripoti yako inasema tisa, karatasi inasema sita. Fafanua."

Nikamrudishia Februari, na kwa haraka nikamgeuza Mama badala ya karatasi. Akafunika kamera kwa mgongo wake hadi dakika zikaisha.

Tulikaa sakafuni tukacheka, mimi na yeye, hadi mume wangu akaja kutazama kama tuko wazima.

Alhamisi, 16 Mei

Matokeo. Injinia themanini na nne. Mimi sitini na moja. Nimefaulu, cheti nimepata, na nafasi amepewa Injinia.

Nilijua. Hata hivyo nilikwenda chumba cha shuka nikasimama humo kidogo. Zile alama zilizofutwa zingenitosha, na zilifutwa kwa sababu. Nikatoka.

Matroni ameniita mchana. Amesema utaratibu wa kukabidhi zamu katika wodi zote utaandikwa upya, kila muuguzi apite kumshika mgonjwa mkono kabla ya kutazama kioo, na anataka niuandike mimi na kuwafundisha wengine. Hakuna cheo. Kuna kazi tu, nyingi. Injinia akanipokea mlangoni. "Dada, tugawane. Mimi mashine, wewe watu."

Nilipomweleza Mama alama zangu aliuliza ya kufaulu ni ngapi. Nikasema hamsini. "Mimi nilipata hamsini na mbili," akasema, "na usimwambie mwanangu."

Ijumaa, 17 Mei

Upasuaji umefanyika! Dakika ishirini. Jicho limefungwa. Amemwambia daktari glavu zake ni kubwa mno.

Jumamosi, 18 Mei

Tulimfungua bandeji saa nne asubuhi, sebuleni, mvua imekatika na jua linaingia moja kwa moja dirishani. Alipepesa jicho muda mrefu. Aliitazama mikono yake, pande zote mbili. Kisha akanitazama mimi, na nikakumbuka kwamba mara ya mwisho kuniona sawasawa ilikuwa miaka sita iliyopita.

"Umezeeka, mwanangu," akasema.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hajawahi kuniita mwanangu. Neno la kwanza nimelisamehe kwa ajili ya la pili. Nikalia kidogo, akanipa kitambaa, akaniambia nisikiguse kisha nikashika dawa ya macho.

Akamgeukia mume wangu. "Na hilo tumbo ni la nani?"

Halafu akasimama, akaanza kutembea. Alitazama chini ya kochi. Alitazama juu ya kabati. Alifika jikoni akasimama mbele ya jiko kwa muda ambao sikuupenda. Alikuwa aondoke Jumatatu. Ametangaza kwamba haondoki, haiwezekani, si katika hali hii. Saa sita mchana mimi nilikuwa na ndoo, mume wangu yuko juu ya ngazi na tambara, na yeye anapita katikati yetu mikono nyuma.

Mume wangu akainama kutoka kwenye ngazi, akaninong'oneza sikioni, "Na hapo ni jicho moja tu."

"Nimesikia," Mama akasema kutoka ukumbini.